Kabla ya Kununua Kicheza Muziki, Uliza Nyimbo Zitaingiaje

Katika kwaya yetu hapa Moshi, wimbo mpya haufundishwi tena kwa mwalimu kusimama mbele na kuimba sauti zote nne kwa zamu huku watu arobaini wakijitahidi kushika kila mmoja ya kwake. Mwalimu hurekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja katika faili lake, na mwanakwaya huondoka na faili la sauti yake akajifunze nyumbani, shambani au ndani ya haisi anapokwenda kazini. Mwezi uliopita, baada ya mazoezi ya Jumamosi, vicheza muziki viwili viliwekwa juu ya benchi la mbele. Kimoja kilikuwa iPod classic ya GB 160, ambayo mwimbaji mmoja wa sauti ya pili aliletewa na dada yake anayeishi ng'ambo. Kingine kilikuwa kile kidogo kisicho na jina la kampuni inayojulikana, kinachouzwa kwenye maduka ya simu jirani na stendi, chenye kioo cha ukubwa wa stempu mbili na tundu la memori kadi ubavuni. Kijana wa sauti ya nne, ambaye hupanda Mlima Kilimanjaro kama mpagazi, alivishika vyote viwili, akavipima uzito mkononi, akaniuliza: "Katibu, nikitaka kununua changu, nitafute cha aina gani?"

Nilimjibu papo hapo kwamba akipata iPod iliyotumika kwa bei nzuri, aichukue. Hifadhi yake ni kubwa, umbo lake ni imara na jina lake linajulikana dunia nzima. Nimelirudia jibu hilo kichwani tangu siku ile, na kila ninapolirudia naona kuwa nililitoa bila kuuliza jambo ambalo mnunuzi wa huku kwetu anapaswa kuanza nalo: nyimbo zitaingiaje ndani ya kifaa hiki, na zikishaingia, zitatokaje? Mengine yote, yaani ukubwa wa hifadhi, ubora wa sauti, rangi na jina, yanakuja baada ya hapo, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Huku kwetu nyimbo husafiri zikiwa mafaili. Hurushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, hutumwa kwa WhatsApp, hunakiliwa kwenye flashi na kijana mwenye kompyuta kibandani. Memori kadi moja hutoka kwenye simu ya baba ikaingia kwenye redio ya jikoni, na kesho yake utaikuta kwenye sabufa ya saluni. Wengi wanaotumia muziki kwa namna hii hawana kompyuta yao wenyewe, na hata wenye nayo hawaifungui kwa ajili ya nyimbo. Kifaa kinachoingia katika mzunguko huo hakina budi kukubali faili kutoka popote na kulitoa kama lilivyoingia. Kikikataa lolote kati ya hayo mawili, kinageuka sanduku ambalo ufunguo wake unakaa kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Tuitendee iPod haki kwanza, maana haikushinda soko kwa bahati. Vicheza muziki vya kidijitali vilikuwapo kabla yake. MPMan F10 ya Korea Kusini ilitoka mwaka 1998 ikiwa na MB 32, ambazo kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, yaani karibu MB 1 kwa kila dakika, hutosha nusu saa ya muziki na kidogo zaidi. Creative ya Singapore ilitoa Nomad Jukebox mwaka 2000 ikiwa na diski ya GB 6. Apple ilipozindua iPod tarehe 23 Oktoba 2001, diski yake ilikuwa ya GB 5, ndogo kuliko ya Creative, na bado kifaa hicho kilifika Aprili 2007 kikiwa kimeuzwa zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo hifadhi kubwa haikuamua ushindani hata wakati ule. Kilichoamua ni kwamba iPod iliingia mfukoni, nyimbo ziliingia kwa kasi, na kidole gumba kimoja kikizunguka juu ya gurudumu kilitosha kuupata wimbo mmoja kati ya elfu moja. Yeyote aliyewahi kubonyeza kitufe cha mbele mara mia mbili kwenye kicheza muziki cha bei rahisi ili kuufikia wimbo wa mwisho ataelewa uzito wa jambo hilo.

Lakini urahisi ule ulijengwa juu ya dhana moja: kwamba mtu ana kompyuta yake, ndani yake kuna programu ya iTunes, na iPod ni kivuli cha maktaba iliyomo humo. Ukiifungua iPod classic kama flashi ya kawaida, huzioni nyimbo. Zimewekwa kwenye folda iliyofichwa, zimegawanywa katika folda ndogo ndogo, na kila faili limepewa jina la herufi nne zisizo na maana kwa msomaji. Rekodi ya sauti ya nne uliyoiita kwa jina la wimbo hutaitambua humo. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine, programu hukuuliza kama unataka kufuta kilichomo na kuioanisha na maktaba mpya. Faili ulilonakili kama kwenye flashi nalo litakaa humo bila kuchezwa, kwa sababu halikuandikishwa katika orodha ya iTunes. Na waya wake ni ule mpana wenye pini 30, ambao ukikatika si kila duka hapa mjini lina mbadala wake.

Apple haikuwa peke yake katika hili. Sony, waliouanzishia ulimwengu Walkman ya kaseti mwaka 1979, walipoingia katika muziki wa kidijitali waling'ang'ania mfumo wao wa kuhifadhi sauti uitwao ATRAC. Hadi mwaka 2004 wimbo wako wa MP3 ulipaswa kupitia programu yao na kubadilishwa kabla ya kuchezwa. Microsoft walitoa kicheza muziki chao, Zune, Novemba 2006 wakiitangaza kwa uwezo wa kurushiana nyimbo bila waya, jambo ambalo kwa mtu wa huku lingekuwa neema kubwa. Wimbo uliorushwa, hata hivyo, uliweza kuchezwa mara tatu tu au kwa siku tatu, kisha ukafungwa. Sharti hilo halikubagua wimbo wa dukani na rekodi uliyoifanya mwenyewe. Hebu fikiria mwalimu wa kwaya anamrushia mwanakwaya sauti aliyoiimba yeye kwa koo lake, na Jumanne kifaa kinaifunga. Zaidi ya hapo, Zune haikuzicheza nyimbo zilizouzwa chini ya mpango wa ulinzi ambao Microsoft hiyo hiyo ilikuwa imeuleta kwa wauzaji wengine, kwa hiyo aliyenunua kwa uaminifu aliachwa na mafaili yasiyo na nyumba mpya. Zune iliachwa kutengenezwa mwaka 2011. iPod classic iliondolewa sokoni mwaka 2014 na iPod ya mwisho, ile touch, mwaka 2022. Kifaa kinapokufa kampuni ikahamia kwenye biashara nyingine, mwenye nyimbo zilizofungwa ndiye anayebaki na hasara.

Sasa tukitazame kile kidogo cha dukani, nacho tukitazame bila huruma. Ubora wake mkuu ni kwamba ukikichomeka kwenye kompyuta yoyote kinaonekana kama flashi; unanakili, unachomoa, unasikiliza. Hakiulizi jina lako wala maktaba yako. Lakini vingi vya aina hii vina kasoro ambayo mnunuzi hukutana nayo baada ya wiki, nayo ni mpangilio. Havipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa namba bali hucheza mafaili kwa mfuatano ulioandikwa kwenye kadi wakati wa kunakili. Ukinakili mafaili kumi kwa mkupuo, la saba linaweza kutangulia la kwanza, na anayesikiliza mahubiri yenye sehemu tano ataianza ya tatu. Dawa yake ni kunakili moja baada ya jingine kwa mpangilio unaoutaka. Ni kazi ya kuchosha, ila hufanyika mara moja. Vingine vina mvumo mwembamba unaosikika wimbo unapotulia, na vingine husahau vilipoishia kila vinapozimwa.

Kuna jambo moja ambalo kwa watu wa kwaya, kwa wanaojifunza lugha na kwa wapiga gitaa lina thamani kuliko GB zote za ile iPod. Ni uwezo wa kurudia kipande. Unabonyeza kitufe mara moja pale mstari unapoanza, unakibonyeza tena pale unapoishia, na kifaa kinaurudia mstari huo peke yake mpaka ukiambie basi. Kwenye kile kidogo kilichokuwa juu ya benchi, uwezo huo ulikuwepo. Herufi A ilitokea kwenye kona ya kioo, kisha B, na kijana wa sauti ya nne akaegemea ukuta akiwa amefumba macho, akasikiliza mahali ambapo sauti yake inashuka na kutulia wakati sauti nyingine tatu zinapanda. Aliurudia mara kumi na moja, nilihesabu, na alipoimba mara ya kumi na mbili hakuyumba. iPod classic haina kitufe hicho. Ukitaka kurudia mstari, unarudisha wimbo nyuma kwa kukisia, na kidole kikiteleza kidogo tu unajikuta kwenye ubeti mwingine. Nilijua haya siku ile na bado nikamwambia achukue iPod.

Na yeye ni mpagazi, jambo lililopaswa kunizuia zaidi. Ndani ya iPod classic kuna diski inayozunguka, na juu ya diski hiyo kichwa cha kusomea huelea kwa unene mdogo mno, kikibebwa na mto wa hewa unaotokana na mzunguko wenyewe. Hewa ikipungua, mto huo hupungua, na kichwa kinaweza kugusa diski na kuikwangua. Ndiyo maana Apple katika maelezo ya kifaa hicho iliweka kikomo cha kukitumia kuwa mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hapa mjini hakuna shida, na Arusha vilevile. Kwa anayepanda kwa njia ya Marangu, kambi ya Mandara iko takriban mita 2,700, bado ndani ya kikomo. Horombo ni takriban mita 3,700 na Kibo takriban 4,700, kabla ya kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya safari kifaa kile kinapaswa kukaa kimezimwa ndani ya begi. Chenye memori kadi hakina kinachozunguka, kwa hiyo hakina hofu hiyo. (Wapo mafundi wanaoitoa diski ya iPod na kuweka kadi mahali pake, na ipo programu huria iitwayo Rockbox inayoziondolea iPod nyingi za zamani ule utegemezi wa iTunes. Mwenye fundi wa kuaminika na apendaye, afanye hivyo. Ni njia nzuri ya kuokoa kifaa kizuri. Mimi siwezi kumshauri mtu wa kipato cha mpagazi aanzie huko.)

Baridi ya mlimani haimchagui yeyote. Betri za lithiamu hupoteza nguvu kwenye baridi kali kwa sababu kemikali ndani yake hutembea polepole, na kifaa kilichoonyesha nusu chaji jioni kinaweza kuzima usiku wa kupanda kileleni, kisha kikawaka tena kikipata joto. Wazoefu wa mlima huzilaza betri ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na mwili. Hapo kifaa kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa shati la ndani kina nafuu kuliko kikubwa.

Hatari halisi ya vifaa vya memori kadi iko kwenye kadi zenyewe, na hili limenigharimu. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 64 kwenye duka moja mjini, nikanakili humo rekodi za kwaya za miaka sita. Simu ilionyesha GB 64, kompyuta ilionyesha GB 64, majina ya mafaili yote yalikuwepo. Nilipofungua rekodi za mwaka wa pili nikasikia mkwaruzo, na za mwaka wa tatu hazikucheza kabisa. Kadi ile ilikuwa na nafasi ya GB 8 tu, na sehemu inayoiongoza ilikuwa imepangwa upya ili idanganye kuhusu ukubwa wake. Kilichozidi hapo kiliandikwa jina na mwili wake ukapotea. Baadhi ya rekodi zile hazikuwa na nakala nyingine, na waimbaji wawili waliosikika humo wameshatangulia mbele za haki. Tangu hapo kila kadi mpya naijaza yote kwanza kwa mafaili yasiyo na thamani, kisha nafungua yaliyoingia mwisho kuona kama yanacheza. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kutumia programu ya bure iitwayo H2testw, inayoandika kadi nzima na kuisoma tena. Anayenunua asione aibu kumwambia muuzaji kwamba atairudisha kadi isiyofikia ukubwa wake, na asiridhike na jina lililochapwa juu yake, kwa maana jina ndilo jepesi zaidi kughushi. Isitoshe, kwa mafaili ya mwalimu wetu GB 8 za kweli zinatosha: wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 ni karibu MB 4, na hivyo nyimbo 2,000 huingia.

Kuhusu ubora wa sauti nitasema machache, ingawa ndiko matangazo yanakopiga kelele zaidi. Vipo vicheza muziki vya hali ya juu, kama Sony NW-A306 ya mwaka 2023 au vile vya FiiO na Astell&Kern, vinavyosoma FLAC, aina ya faili lisilopunguza chochote katika sauti, na rekodi za viwango vilivyo juu ya CD. Ni vifaa vyema, vingi vina tundu la kadi, na mwenye uwezo hatajuta. Lakini CD yenyewe, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde, tayari hubeba masafa yanayozidi yale ambayo sikio la binadamu husikia. Rekodi iliyofanywa kwa simu chini ya paa la bati mvua ikinyesha haitageuka kuwa nyingine kwa kuchezwa na kifaa cha gharama. Fedha ya ziada ikipatikana, iende kwenye visikilizio vya masikioni vyenye mpira laini unaoziba tundu la sikio. Hivyo huzuia ngurumo ya haisi, na mtu hahitaji kuongeza sauti ili asikie. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kiwango salama. Ukifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4. Mwimbaji aliyeharibu masikio yake hupata shida kusikia kama amepanda sawasawa na mwenzake.

Kuna watakaoniambia kwamba mjadala huu wote umepitwa na wakati kwa kuwa kila mtu ana simu janja. Hoja hiyo ina nguvu kwa anayesikiliza muziki wa mtandaoni, na Spotify imekuwa ikipatikana rasmi Tanzania tangu 2021. Lakini wimbo uliopakuliwa humo haunakiliki nje ya programu, na usipoingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 haufunguki. Ni kufuli lile lile la Zune, ila mnyororo wake ni mrefu zaidi. Faili la mwalimu wetu wa kwaya halimo humo hata hivyo. Na kwa mpagazi, chaji ya simu ni ya kuzungumza na nyumbani, haifai kuisha kwa sababu ya mazoezi.

Mshindani ninayemheshimu kuliko simu janja ni kiswaswadu. Simu ndogo ya vitufe yenye tundu la memori kadi hucheza MP3, ina redio, ina tochi, na kifuniko chake hufunguliwa kwa ukucha ili kubadilisha betri, ambayo mara nyingi ni ya umbo la BL-5C inayouzwa karibu katika kila duka la simu hapa Moshi na Arusha. Kwenye vicheza muziki vingi vya kisasa, kuanzia cha bei ya chini hadi cha bei ya juu, betri imefungiwa ndani, na ikichoka baada ya miaka michache kifaa kizima huwa kimechoka nayo. Mtu anayehitaji tu kusikiliza, asiyehitaji kurudia kipande, ningemshauri anunue kiswaswadu cha pili asiweke laini, akitumie kwa muziki peke yake. Nimelipima jambo hili kwa uangalifu na sioni kifaa kingine cha bei ile kinachompita kwa mtu huyo.

Kwa kijana wa sauti ya nne, hata hivyo, kurudia kipande ndiyo kazi yenyewe, na Jumamosi iliyofuata nilimwita pembeni nikamweleza kwamba ushauri wangu wa kwanza haukumfaa. Alikwenda dukani akiwa na faili la wimbo kwenye flashi yake, akamwomba muuzaji alinakili kwenye kifaa mbele yake, akabonyeza A, akabonyeza B, akalisikiliza likirudi, ndipo akalipa. Mwenye iPod ameibakiza nyumbani na nyimbo zake za zamani, mahali ambapo lile gurudumu bado halina mpinzani. Mwalimu naye ameanza kutanguliza namba katika majina ya mafaili, na kwa wimbo wa sikukuu ya mavuno ameniomba ninakili kadi za wanakwaya wote, faili moja baada ya jingine, kila kadi ikitanguliwa na sauti ya mwenyewe.